Kabla ya Rangi: Kufufua Bodi ya HiAce ya Zamani Butembo na Beni

HiAce ya zamani inayofanya kazi kati ya Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, na Butembo haichagui mzigo. Leo imejaza abiria, kesho samaki wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kilicho ukingoni mwa Ziwa Edward, na keshokutwa magunia ya chumvi ya Katwe yaliyovuka mpaka kutoka Uganda. Magunia hushushwa, lakini chembe za chumvi na matone ya maji ya samaki hubaki kwenye mikunjo ya sakafu, chini ya zulia la mpira na kuzunguka nati za viti. Chumvi hufyonza unyevu wa hewa. Kwa hiyo asubuhi ya ukungu Butembo, bati la sakafu huwa limelowa hata kama mvua haijanyesha juma zima.

Mwenye gari haoni hayo. Anachokiona ni uvimbe mdogo wa rangi juu ya gurudumu la nyuma, mkubwa kama punje ya harage. Anaukwangua kwa msasa, anapaka mastiki, anapuliza rangi nyeupe, na gari linapendeza. Mwaka haujaisha, uvimbe umerudi ukiwa na ukubwa wa kiganja. Hapo hulaumiwa fundi, au rangi husingiziwa kuwa bandia. Mara nyingi rangi haina kosa. Kutu ilianzia upande wa ndani wa bati, ikalila mpaka likabaki jembamba kama karatasi, na ule uvimbe wa nje ulikuwa hatua yake ya mwisho.

Ushauri huu unamlenga yule aliye na van ya zamani anayoipenda au inayomlisha, na anayetaka iendelee kwa miaka mingi. Utaratibu wake ni huu: maji kwanza, kisha bati, rangi mwisho kabisa. Anayeanza na rangi anafanya kazi mara mbili na kulipa mara mbili.

Toyota ilianza kuuza HiAce mwaka 1967. Zinazoonekana sana Kivu Kaskazini kama gari la kizamani ni za kizazi kilichotoka mwaka 1982 na kile cha mwaka 1989, ndugu wa zile ambazo wakazi wa Dar es Salaam walizibatiza jina la vipanya. Nyingi ziliuzwa kwanza Japani, zikashuka bandarini Mombasa, zikapita Kampala na kuingia Kasindi. Safari hiyo ina mambo mawili yanayomhusu anayetaka kutengeneza bodi. La kwanza, baadhi ya magari hayo yalitumika katika mikoa ya theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari la namna hiyo linaweza kufika likiwa linang'aa juu, huku tumboni limekwisha kuliwa. La pili, usukani uko kulia na mlango wa kusukuma uko kushoto, kwa hiyo Kongo mlango huo hufungukia katikati ya barabara, upande wa magari yanayopishana. Reli yake ya chini hupokea matope mengi, na kwa kuwa hutumika mara mamia kwa siku, rangi ya humo hukwanguka mapema. Kutu ya HiAce hupenda sana kuanzia hapo.

Kingine kinachopaswa kueleweka kabla ya kushika nyundo ni kwamba HiAce haina shasi ya kujitegemea kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Yale maboksi matupu ya bati yanayopita chini ya milango, na boriti zilizochomelewa chini ya sakafu, ndiyo yanayobeba abiria na mzigo na kushika springi. Yakioza, mlango huanza kugoma kufunga gari likipakiwa, kisha kioo cha mbele hupasuka bila kupigwa jiwe. Mwenye gari akiona dalili hizo mbili, suala la rangi liwekwe kando.

Uchunguzi mzuri huanza kwa maswali. Gari hili lilibeba nini? Nani alikuwa nalo? Gari la samaki hutazamwa sakafuni na kwenye pembe za nyuma, ambako maji hutiririkia likipanda mlima. La mchanga na mawe hutazamwa kuta za ndani, ambako rangi imekwanguka. Kuna pia magari yaliyohudumu wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ambapo Beni, Butembo na Mangina zilikuwa kitovu cha mlipuko. Magari ya wagonjwa yalisafishwa kwa maji ya klorini, na ilikuwa lazima, kwa sababu maisha ya watu yalitangulia bati. Lakini klorini hula chuma vikali. Anayenunua gari lililofanya kazi hiyo ang'oe zulia lote na kutazama sakafu kwa taa kabla ya kutoa pesa.

Halafu kuna udongo wenyewe. Kwa miongo mingi njia ya Butembo hadi Beni, na ile ya Beni hadi Kasindi, zilikuwa za udongo mwekundu. Mradi wa lami uliozinduliwa na marais wa Kongo na Uganda mpakani Mpondwe mnamo Juni 2021 ulihusu kilomita 223 kwa jumla, zikiwemo 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Matope yaliyokwisha kujibana ndani ya madigadi, hata hivyo, hayaondolewi na lami. Udongo huo hukauka nje ukabaki mbichi ndani, kama kitambaa cha maji kilichofungwa juu ya kidonda. Kuosha gari kwa ndoo na sabuni hakuufikii. Inabidi gari lipandishwe, magurudumu yatolewe, na matope yachokolewe kwa kijiti cha mbao, kisha yasukumwe kwa maji ya nguvu mpaka maji yatoke meupe.

Baada ya kuosha, gari liachwe likauke siku mbili, kisha fundi apite na vitu vitatu: nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, na sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze. Bati zima hulia kwa sauti kali. Bati lililooza au lililojazwa mastiki hutoa sauti butu. Sumaku hushika bati, na hukataa kushika mahali ambapo mtu aliyetangulia alijaza mastiki nene. Bisibisi husukumwa kwa nguvu ya mkono mmoja chini ya milango, ndani ya madigadi, chini ya mpira wa kioo cha mbele, kwenye mfereji wa paa na mahali betri inapokaa. Inapozama, pawekwe alama ya chaki. Mwishoni mwa zoezi hilo gari huwa limejaa chaki, na mwenyewe huingiwa na huzuni. Ni huzuni yenye faida, kwa kuwa sasa anajua gharama halisi, naye hatashangazwa katikati ya kazi.

Hapo ndipo uamuzi hufanywa. Kama sehemu zinazoshika springi za nyuma na boriti za sakafu zimeoza pande zote mbili, mara nyingi ni afadhali gari hilo liwe la vipuri, milango na vioo vyake viokoe jingine. Kwenye njia kama ile ya kaskazini mwa Beni kuelekea Komanda, ambako magari yamekuwa yakisafiri kwa msafara wenye ulinzi wa wanajeshi, gari linalokatika katikati ya safari huwahatarisha watu wote waliomo. Hakuna rangi inayofaa kufunika hatari ya namna hiyo, na fundi anayekataa kazi kwa sababu hiyo anastahili heshima.

Kama mifupa ni mizima, kazi ya bati huanza. Mafundi wa bodi, wanaoitwa tolie kwa Kiswahili cha huko, wanajua kishawishi kinachowakabili: kuweka kiraka juu ya bati bovu na kusonga mbele. Kiraka cha namna hiyo huunda mfuko mpya wa maji kati ya mabati mawili. Kilichooza kinakatwa, hadi bati linapong'aa na kuwa na unene wake wa asili, hata kama shimo lililokuwa kama sarafu litakuwa kama sahani. Fundi akisema, "Papa, tukikata tutakuta mengine," anasema kweli, na jibu linalofaa ni kumwambia akate.

Bati la kiraka lina umuhimu wake. Bodi ya van ina unene wa milimita 0.7 hadi 1 hivi. Mabati ya paa, ambayo yako kila mahali Butembo, hayafai: ni membamba mno, na zinki iliyoyafunika hutoa moshi mweupe wakati wa kuchomelea, moshi unaomletea fundi homa na maumivu ya mwili jioni hiyo hiyo. Bati bora lisilo la kununua mbali ni lile la mlango au paa la gari lililokufa, na la pili kwa ubora ni la pipa la lita 200, ambalo unene wake hukaribia milimita moja. Hapa pana onyo la kurudia mara nyingi. Pipa lililokuwa na petroli, mazuti au oili halikatwi kwa moto hata kama linaonekana tupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka na kuua. Hukatwa kwa tindo na nyundo, nalo likiwa limeoshwa kwa sabuni na kujazwa maji hadi karibu na mstari wa kukatia.

Kuhusu kuchomelea, karakana nyingi zina mashine ya umeme ya vijiti, na nyingine hutumia gesi ya asetilini inayotengenezwa kwa kutia karbidi ndani ya maji. Mashine ya vijiti ni nzuri kwa boriti nene, lakini juu ya bati la milimita 0.8 hutoboa kuliko inavyoshona. Asetilini mikononi mwa fundi mtulivu hushona vizuri, ingawa joto lake hutawanyika na kulipinda bati. Njia ya kuepuka hilo ni ya subira: tone moja hapa, jingine upande wa pili, la tatu katikati, kisha kungoja bati lipoe mpaka liguswe kwa mkono. Anayeshona mstari mmoja moja kwa moja atapata ukuta wenye mawimbi kama ziwa lenye upepo, na atalazimika kuuficha kwa kilo za mastiki. Kabla ya moto wowote, waya wa betri hutolewa, tangi la mafuta hushushwa chini, sponji na plastiki za ndani hutolewa, na ndoo mbili za mchanga au maji huwekwa karibu.

Kutu nyepesi iliyobaki juu ya bati zima haihitaji kukatwa. Huondolewa kwa grainda yenye brashi ya waya, halafu hupakwa dawa ya asidi ya fosfori, ambayo hubadili mabaki ya kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia. Dawa hiyo hupakwa kidogo, ziada hufutwa kabla haijakauka, na maelekezo ya kopo hufuatwa, kwa kuwa asidi iliyobaki chini ya praima itainua rangi baadaye. Limau na siki hufanya kazi kwa vitu vidogo kama bawaba na nati, vikilowekwa usiku kucha na kusuguliwa asubuhi. Kwa ukuta mzima wa gari ni kupoteza wakati.

Bati lililosafishwa halilali wazi. Katika hewa yenye unyevu ya Butembo, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, bati tupu linaweza kupata vumbi la rangi ya chungwa kwa usiku mmoja. Kwa hiyo fundi asisafishe gari lote kwa wakati mmoja. Asafishe upande anaoweza kuupiga praima siku hiyo hiyo, na vidole visiguse bati baada ya kufutwa kwa tina, kwa sababu jasho lina chumvi.

Mastiki ina sifa mbaya isiyostahili. Ikitumika kusawazisha, unene wa milimita mbili au tatu, haina tatizo. Ubaya wake ni pale inapogeuzwa kuwa ukuta. Isitoshe, mastiki hunywa maji, kwa hiyo husuguliwa kavu, kwa msasa namba 80 kisha 180, bila kulowesha. Maji huruhusiwa baada ya praima kuifunika, kwa msasa 400. Mafundi wengi wa rangi hunyunyiza vumbi jembamba la rangi nyeusi juu ya praima kabla ya kusugua. Weusi unaobaki huonyesha mabonde, na weusi unaotoka upesi huonyesha vilima. Ni hila ya bei ndogo inayookoa siku nzima.

Sasa rangi, na hapa kalenda ina neno. Butembo na Beni ziko karibu mno na ikweta. Mvua hupungua takriban Januari na Februari, kisha Juni na Julai. Kuanzia Agosti hurudi kwa nguvu. Kazi ya bati inaweza kufanywa mwezi wowote chini ya paa, lakini mkono wa mwisho wa rangi upangwe ndani ya miezi ile mikavu, na uwe asubuhi, baada ya umande kukauka na kabla ya mawingu ya mchana kukusanyika. Rangi inapopulizwa, tina hukauka haraka na kulipoza bati. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutua juu ya rangi mbichi, nayo hubaki na ukungu mweupe kama maziwa. Beni, iliyo chini zaidi na yenye joto, ina tatizo la upande wa pili: tina ya haraka hukauka kabla rangi haijatandaa, na uso hubaki na vijishimo kama ganda la chungwa. Ndiyo maana fundi anayehama kutoka mji mmoja kwenda mwingine hawezi kubeba mchanganyiko uleule. Butembo penye baridi, Beni penye joto: kila mahali na tina yake, na kipande cha bati cha majaribio kipigwe kwanza.

Unyevu huingia pia kupitia kompresa. Hewa ikibanwa hutoa maji, na tangi la kompresa linapaswa kufunguliwa chini kila asubuhi mpaka maji yaishe, na kichujio kiwekwe kabla ya pistole ya kupulizia rangi. Tone moja la maji kwenye pistole linatosha kuharibu mlango mzima. Umeme nao uandaliwe: kama jenereta itatumika, mafuta yajazwe kabla ya kuanza, maana mkono wa rangi uliokatika katikati ya ukuta huacha mpaka unaoonekana daima. Pistole hushikwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono ukienda sambamba na ukuta bila kuzunguka kama anayefagia. Sakafu ya karakana humwagiwa maji ili vumbi lilale, na turubai hufungwa pande zote, likiachwa pengo la hewa.

Anayetaka rangi ya asili ya gari lake atafute bamba dogo la utambulisho la Toyota na kusoma panapoandikwa C/TR. Herufi au tarakimu tatu za kwanza ndizo za rangi ya bodi. Namba hiyo ikipelekwa kwa muuzaji anayechanganya rangi, hata Kampala kwenye soko la Kisekka ambako vipuri vingi vya magari hupatikana, huondoa ubishi wa nyeupe ipi. Nyeupe za Toyota ni nyingi, na tofauti yake huonekana pale mlango mmoja unapopakwa peke yake.

Jambo zito kuliko uzuri ni pumzi ya fundi. Rangi za kisasa zenye kigumishi hung'aa na hudumu, lakini vigumishi vingi vina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Barakoa za kitambaa haziizuii. Mwenye gari anayemletea fundi kopo la rangi hiyo alete na kinga yake: barakoa yenye vichujio vipya vya kemikali, na ikiwezekana inayoleta hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama haiwezekani, ichaguliwe rangi isiyo na kigumishi, kama ya selulosi. Mng'ao wake ni mdogo, itahitaji kung'arishwa mara kwa mara, lakini kijana anayeipuliza ataendelea kupumua vizuri akiwa na miaka hamsini. Wakati wa kuchagua, kitambaa chenye tina kisuguliwe kwanza juu ya rangi ya zamani mahali pa siri. Ikikunjamana, rangi ya selulosi haipaswi kuwekwa juu yake bila kuitoa yote.

Baada ya rangi kukauka, sehemu zisizoonekana bado zinadai haki yao. Ndani ya maboksi ya chini na ndani ya milango huingizwa mchanganyiko wa grisi na oili mpya iliyopashwa moto juu ya maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto wenyewe, ikapulizwa kwa mpira mrefu hadi itoke upande wa pili. Oili chafu iliyotoka kwenye injini haifai: ina asidi, huozesha mipira na kuchafua udongo. Mawese, yanayopatikana kwa wingi Beni na Mangina, nayo yabaki jikoni, kwa kuwa hayakauki na asidi zake hushambulia chuma. Breki na bomba la moshi zifunikwe wakati wa kupuliza.

Chini ya kila mlango na kila boksi kuna mashimo madogo yaliyotobolewa kiwandani ili maji yatoke. Mafundi wa haraka huyaziba kwa mastiki wakidhani ni kutu. Yahesabiwe kabla ya kazi, na yahesabiwe tena baada ya rangi. Mwishoni mwa Julai, kabla ya mvua za Agosti, mwenye gari apite na kipande cha waya kila shimo, kisha amwage kikombe cha maji juu ya kioo cha mlango uliofungwa na kuinama chini kutazama. Maji yakitoka upesi, apige hatua hadi mlango unaofuata. Yakichelewa, au yakitoka na rangi ya udongo, mlango huo ufunguliwe ndani siku hiyo hiyo.